Jinsi ya Kuungama Baada ya Miaka Mingi

Kila Dominika inaposaliwa Kanuni ya Imani ndefu, waamini Wakatoliki husimama na kusema kwa sauti moja, "Naungama ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi." Dakika chache kabla ya hapo, mwanzoni mwa Misa, watu haohao wamekwisha kuungama kwamba wamekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Kitenzi ni kilekile: kuungama ni kukiri unachokiamini, na pia ni kukiri ulichokitenda. Mtu aliyekaa miaka saba, kumi au ishirini bila kukaribia kiti cha maungamo mara nyingi hajapoteza ule uungamo wa kwanza, kwa maana bado anasali kabla ya kulala, bado anatoa mchango wake wa jumuiya na bado anajipiga kifua wakati wa Misa. Kilichomponyoka ni ule wa pili, na si lazima iwe kwa ukaidi. Pengine hajui aanzie wapi, amesahau maneno ya kusema, na anaogopa kuulizwa alikuwa wapi siku zote hizo.

Ninaandika nikiwa mlei ambaye kwa miaka kadhaa nimesaidia kuwaandaa watu wazima kwa sakramenti parokiani, na ambaye kabla ya hapo niliwahi kukaa miaka tisa bila kuungama. Mambo ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniketishe na kunieleza wakati ule.

Kwa nini kwa padre

Swali hili huulizwa hata na Wakatoliki waliobatizwa wachanga, kwa hiyo ni vema lijibiwe mapema. Kanisa halifundishi kwamba msamaha unatoka kwa padre. Linafundisha kwamba Mungu peke yake ndiye anayesamehe dhambi, na kwamba Kristo alipenda msamaha huo uwafikie watu kupitia Kanisa lake. Jioni ya siku ile ya Ufufuko, aliwavuvia wanafunzi wake Roho Mtakatifu, akawaambia kwamba wowote watakaowaondolea dhambi wameondolewa, na wowote watakaowafungia dhambi wamefungiwa (Yn 20:22-23). Ili mtu ajue amwondolee nani na amfungie nani, hana budi kusikia kwanza, na hapo ndipo ulipo msingi wa kuzitamka dhambi mbele ya mhudumu. Unaweza, na tena unapaswa, kumwomba Mungu msamaha ukiwa chumbani kwako usiku wa leo. Hata hivyo, dhambi ya mbatizwa haimhusu yeye na Mungu wake tu, kwa kuwa imeujeruhi pia Mwili wa Kristo, yaani Kanisa, ambao yeye ni kiungo chake, na padre anapokusikiliza anasimama badala ya Kristo na pia badala ya hao wote uliowaumiza.

Namna ya kuadhimisha sakramenti hii imebadilika mara nyingi. Katika karne za mwanzo, waliotenda makosa makubwa kama uuaji, uzinzi au kuabudu sanamu walifanya toba ya wazi, wakati mwingine kwa miaka, kabla ya kurudishwa kwenye Ekaristi. Kuanzia karne ya 7, wamisionari wamonaki kutoka Ireland walieneza barani Ulaya desturi ya kuungama kwa siri kati ya mtu na padre. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, uliagiza kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka, na agizo hilo lingali hai katika Amri za Kanisa ambazo watoto hukariri hadi leo. Lililobaki bila kubadilika ni kwamba mwenye kutubu analeta mambo matatu, yaani majuto, maungamo na malipizi, naye Mungu kwa mkono wa Kanisa analeta maondoleo. Katika hayo matatu, linalowahangaisha watu ni la pili, ilhali linaloamua yote ni la kwanza.

Kujitafiti nyumbani

Usiende kwenye foleni ukitumaini kwamba dhambi zitakujia akilini zenyewe ukishapiga magoti. Tenga jioni mbili au tatu, nusu saa kila jioni, watoto wakiwa wamelala na simu ikiwa chumba kingine. Anza kwa kumwomba Roho Mtakatifu akuangazie, kisha soma Zaburi ya 51 au simulizi la mwana mpotevu katika Luka 15, taratibu, kama vile hujawahi kulisikia. Ndipo uzipitie Amri Kumi za Mungu, Amri za Kanisa, na mwisho wajibu wa hali yako ya maisha: kama ni mzazi, mwenzi, mwajiri, mfanyakazi, kiongozi au mtoto mwenye wazazi wazee.

Wengi huikimbilia amri ya sita, ile ya uzinzi, wakaimaliza hiyo kwa aibu kubwa, kisha wakadhani kazi imekwisha. Kwa uzoefu wangu, zinazosahaulika ni nyingine.

Chukua amri ya kwanza. Kunywa dawa ya miti shamba kwa ajili ya tumbo si dhambi hata kidogo. Lakini kwenda kupigiwa ramli ili ujue ni nani anayekuroga, kuchanjwa chale ili biashara isikauke, au kufukia kitu mlangoni kwa duka la jirani, hayo ni mambo mazito dhidi ya imani yenyewe, na mtu anayefanya hivyo Jumamosi akapokea Komunyo Jumapili anapaswa kuyaungama yote mawili. Chukua amri ya saba. Watu husema "sijaiba" kwa kuwa hawajavunja nyumba ya mtu. Jiulize basi kuhusu yule dada wa kazi ambaye ulimkata mshahara wa mwezi kwa sababu ya sahani tatu zilizovunjika, ukijua wazi kwamba sahani hizo hazifiki hata robo ya fedha ile. Jiulize kuhusu shamba la mjane wa kaka yako ambalo ukoo ulikaa kikao ukaligawana, nawe ukanyamaza kwa sababu fungu lako lilikuwa lile la karibu na mto. Jiulize kuhusu "chai" uliyoipokea ofisini ili faili la mtu litoke kabla ya mafaili ya wenzake. Amri ya nane nayo imepata makazi mapya ndani ya simu, kwa kuwa picha ya aibu ya mtu ikipita kwako ukaisambaza kwenye makundi manne, umemwondolea mwenzio heshima mbele ya watu ambao hutaweza kuwafikia tena ili uwaambie haikuwa kweli.

Halafu kuna eneo la kutotimiza wajibu, ambalo halina kelele. Hujamtukana mama yako, sawa. Lakini je, ni mwaka wa ngapi hujakanyaga kijijini kumwona, na kipato unacho? Una mtoto uliyemzaa ujanani, na ada yake analipa mjomba wake. Hapa hakuna tendo la kulikumbuka, kwa hiyo kumbukumbu haikusaidii. Unahitaji kutazama watu, mmoja mmoja, na kujiuliza kila mmoja alikuwa na haki gani kwako.

Ukishakusanya, pima uzito. Kanisa linatofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi, na linasema kwamba dhambi ni ya mauti pale mambo matatu yanapokutana: jambo lenyewe ni zito, mtendaji alijua vema kwamba ni zito, na alilitenda kwa hiari yake kamili. Kanuni ya 988 ya Sheria za Kanisa inamtaka mwamini aungame dhambi zote kubwa anazozikumbuka baada ya kujitafiti kwa makini, kwa aina na kwa idadi. Dhambi nyepesi hazilazimishwi, ingawa Kanisa linashauri nazo zitajwe.

Kwa aina maana yake ni kuliita jambo kwa jina lake. "Nilikosa uaminifu" yaweza kuwa uzinzi, yaweza kuwa wizi, yaweza kuwa kuchelewa kazini. "Niliiba" ni wizi, lakini "nilichukua fedha za rambirambi nilizokabidhiwa nizitunze" ni jambo la uzito mwingine, na hilo ndilo la kusema. Kwa idadi haimaanishi ulete daftari la hesabu. Kama ulifanya mara moja, sema mara moja. Kama ni jambo lililodumu, sema muda na kadirio: "kwa miaka kama mitatu, karibu kila mwezi." Padre hakagui mahesabu, anataka kujua kama anatibu kidonda kimoja au ugonjwa wa siku nyingi.

Ukihofia kusahau, andika kwenye karatasi. Hakuna ubaya wowote, ila tumia vifupisho unavyovielewa mwenyewe, na uichane au uichome mara utakapomaliza. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuisahau yangu ndani ya kitabu cha nyimbo, kisha nikamwazima mwanakwaya mwenzangu kitabu hicho. Alinirudishia baada ya wiki mbili, karatasi ikiwa palepale, wala hakusema neno; hadi leo sijui kama aliisoma.

Majuto

Orodha nzuri bila majuto haina kazi, na majuto si machozi. Kuna watu wenye machozi ya karibu na kuna wengine hawalii hata msibani kwa baba yao, nao wote wanaweza kujuta sawasawa. Kujuta ni kuichukia dhambi uliyoitenda na kukusudia kutoirudia. Mafundisho ya Kanisa huyaita majuto kamili yale yanayotokana na kumpenda Mungu kuliko vyote, na majuto yasiyo kamili yale yanayotokana na ubaya wa dhambi yenyewe au hofu ya adhabu. Haya ya pili yanatosha kwa sakramenti, na hiyo ni habari njema kwa anayerudi baada ya miaka mingi, ambaye mara nyingi hana cha kuleta zaidi ya uchovu na hofu.

Kusudi la kutorudia lisichanganywe na uhakika wa kutorudia. Mlevi wa miaka kumi hawezi kuapa kwamba hataanguka tena, na hakuna anayemdai kiapo hicho. Anachodaiwa ni nia ya kweli inayoonekana katika hatua: kubadilisha njia ya kurudi nyumbani, kumkabidhi mke mshahara, kumweleza rafiki mmoja ukweli. Anayesema "nimetubu" huku ameshapanga kwamba Ijumaa atakuwa palepale, huyo hajafika bado, afadhali arudi jioni moja zaidi kwenye Zaburi ya 51.

Hapa pana fundo ambalo katika parokia zetu huwafunga watu wengi kuliko jingine lolote, nalo ni la wanaoishi kama mume na mke bila ndoa ya Kanisa. Wanakwenda Misa, wanalea watoto, wanahudhuria jumuiya, lakini wakati wa Komunyo wanabaki kwenye benchi. Kama hali yako ni hiyo, usianzie kwenye foleni ya maungamo. Anzia ofisi ya parokia, umwombe paroko muda wa mazungumzo. Ikiwa nyote wawili hamjawahi kufunga ndoa na mwingine, suluhisho mara nyingi ni jepesi kuliko mnavyodhani. Wengi huahirisha mwaka hadi mwaka kwa sababu mahari haijaisha au fedha ya sherehe haijatosha, ilhali Kanisa haliweki mahari wala ukumbi kuwa sharti la uhalali wa ndoa. Linahitaji watu wawili walio huru na wenye nia, vyeti vya ubatizo, mafundisho, matangazo, padre au shemasi mwenye mamlaka, na mashahidi wawili. Nimeona ndoa iliyofungwa kwenye Misa ya asubuhi ya siku ya kazi, mashahidi wakiwa mwenyekiti wa jumuiya na mkewe, na baada ya hapo wakaenda kunywa chai na maandazi. Ikiwa mmoja wenu alikuwa na ndoa ya awali, jambo litahitaji muda zaidi na pengine mahakama ya Kanisa ya jimbo, lakini mlango wa kuanzia ni uleule wa paroko.

Wapi, lini, kwa nani

Parokia nyingi hubandika ratiba ya maungamo mlangoni, na kwa kawaida padre hukaa kabla ya Misa au Jumamosi jioni. Siku za mwisho za Kwaresima na za Majilio foleni huwa ndefu kiasi kwamba padre hana budi kwenda haraka. Kwa maungamo ya miaka mingi ninashauri usingoje siku hizo, bali umwombe padre miadi ya faragha. Sentensi moja inatosha: "Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nina miaka mingi sijaungama, naomba unipangie muda." Atajibu "Milele, Amina," na nina hakika atafurahi kuliko unavyotazamia.

Hulazimiki kuungama kwa paroko wako. Padre yeyote mwenye mamlaka ya kuungamisha anaweza kukusikiliza, na mtu anayemjua paroko wake kwa karibu kupita kiasi, kwa mfano katibu wa parokia au mwalimu wa shule ya parokia, ana haki ya kupanda daladala akaungame parokia ya tatu. Unayo haki pia ya kuungama nyuma ya wavu bila kuonekana uso, na kwa sababu hiyo kanuni ya 964 inaagiza viti vya maungamo viwe na wavu imara kati ya padre na muungamaji. Vigangoni, ambako padre hufika labda mara moja kwa mwezi, maungamo mara nyingi hufanyika chini ya mwembe, padre akiwa kwenye kiti cha plastiki na stola ya zambarau shingoni. Ninyi mnaosubiri, rudini nyuma hatua ishirini, mkaimbe au msali rozari kwa sauti. Ni heshima kwa aliyepo mbele.

Aliye ughaibuni, ambaye lugha ya huko haijamkaa vizuri, ajue kwamba anaweza kumtafuta padre anayejua Kiswahili au, kama hakuna njia nyingine, kutumia mkalimani, naye mkalimani anafungwa na wajibu wa kutunza siri. Kuungama kwa simu au kwa ujumbe hakukubaliki, kwa kuwa sakramenti inawahitaji wawili hao wawepo mahali pamoja.

Ukishapiga magoti

Fanya ishara ya msalaba, kisha useme: "Naomba baraka, Padre, kwa kuwa nimekosa. Tangu niungame mara ya mwisho ni miaka tisa." Ongeza neno moja kuhusu hali yako, kwamba umeoa, ni mjane, ni mwanafunzi, ni mwuguzi, kwa kuwa wajibu wa watu hutofautiana. Kama umesahau namna ya kuendelea, sema hivyohivyo: "Padre, nimesahau utaratibu, naomba uniongoze." Hakuna padre asiyewahi kuisikia sentensi hiyo.

Anza na lile zito kuliko yote. Najua moyo unasukuma kinyume: unataka kuanza na "nilikasirika, nilisahau sala za jioni," ukitumaini lile kubwa litapita katikati ya msafara bila kuonekana. Lakini kadiri unavyolisogeza mbele ndivyo koo linavyokauka, na kuna waliotoka bila kulisema. Dhambi ya mauti inayofichwa kwa makusudi hubatilisha maungamo yote, hata zile nyingine zilizotajwa vizuri. Iliyosahauliwa kwa kweli haina shida. Imesamehewa pamoja na nyingine, na ukija kuikumbuka utaitaja safari ijayo.

Sema zako tu. Niliporudi baada ya ile miaka tisa, nilianza kwa kumweleza padre kuhusu jirani yangu tuliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa kiwanja: alivyong'oa mawe ya mpaka usiku, alivyomhonga mjumbe, alivyomtukana mke wangu. Nilikwenda hivyo kwa dakika nyingi. Padre alinyamaza hadi nilipovuta pumzi, akasema kwa upole, "Mwanangu, za jirani yako nimezisikia. Sasa niambie zako." Nilitafuta na nikabaki na maneno matano: nilimchukia, nikamwombea afe, mara nyingi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maungamo yangu, na dakika zote zile zilikuwa njia ya kuyakwepa.

Padre akikuuliza swali, jibu kwa ufupi. Anatafuta aina au idadi, au anataka kujua kama kuna mtu aliye hatarini. Huenda akakupa shauri, nalo likawa zuri au la kawaida tu, maana mapadre nao wana siku zao. Ukikutana na mwenye maneno makali, jambo ambalo limewahi kunipata mara moja, jua kwamba maondoleo aliyokupa ni halali vilevile, na mara nyingine unaweza kwenda kwa mwingine.

Wapo wanaoamini kwamba dhambi yao haiwezi kuondolewa na padre wa kawaida, hasa walioshiriki katika kutoa mimba, ambao wamesikia kwamba lazima waende kwa askofu. Tangu Novemba 2016 Papa Fransisko aliwaachia mapadre wote mamlaka ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaoitubu. Nenda, useme.

Ukimaliza, sema: "Naomba msamaha kwa dhambi hizi na kwa zote ninazozisahau." Padre atakupa kitubio, yaani malipizi ya kufanya, kisha atakualika usali Sala ya Kutubu. Wengi wanaikumbuka tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako, kwani ndiwe mwema…" Ikikuponyoka katikati, malizia kwa maneno yako. Ndipo padre atanyosha mkono juu yako na kutamka maneno ya maondoleo, ambayo kiini chake ni haya: "Nami nakuondolea dhambi zako kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Usiwe unaendelea kusali sala yako wakati huo. Nyamaza usikie, kisha ujibu Amina.

Baada ya maondoleo

Kitubio ulichopewa kifanye siku hiyohiyo, kabla hujatoka kanisani kama inawezekana, kwa kuwa "nitasali nyumbani" huishia njiani. Lakini Baba Yetu tatu hazirudishi shamba la mjane. Maondoleo huiondoa dhambi bila kuutengeneza uharibifu uliosababishwa nayo, na haki inadai kilichochukuliwa kirudishwe, kilichochafuliwa kisafishwe. Zakayo hakusubiri kuambiwa. Alisimama akasema kwamba kama amemdhulumu mtu kitu, atamrudishia mara nne (Lk 19:8). Kwako wewe mara moja inatosha, ila iwe kweli.

Namna ya kurudisha inahitaji busara. Hulazimiki kujitangaza mwizi mtaa mzima. Unalazimika kumfikishia mwenye haki haki yake. Fedha yaweza kupelekwa katika bahasha isiyo na jina, au kupitia kwa padre mwenyewe ukimruhusu. Kumbuka tu kwamba M-Pesa hutaja jina la mtumaji, na nimesikia ya mtu aliyelipa deni la siri kwa njia hiyo akajikuta anapigiwa simu papo hapo. Mwenye mali akiwa amefariki, warithi wake wapo. Kama hajulikani kabisa, toa kwa maskini. Kama huna cha kulipa leo, anza na kidogo, kwa mpango ulio wazi. Sifa ya mtu uliyoichafua ni ngumu zaidi: rudi kwenye makundi yaleyale uliyosambaza na useme kwamba ulikosea. Itakugharimu, na watu watakucheka.

Kuhusu siri, tulia. Padre hawezi kumfunulia mtu yeyote alichosikia katika maungamo, kwa maneno wala kwa namna nyingine, kwa sababu yoyote ile. Anayeivunja siri hiyo moja kwa moja hujitenga na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo huondolewa na Kiti cha Kitume tu, yaani Roma. Hawezi hata kukuanzishia wewe mazungumzo juu ya jambo hilo mkikutana sokoni, kwa hiyo usishangae akikusalimia kana kwamba hajui kitu. Kanuni ya 1386, kama ilivyorekebishwa mwaka 2021, inaweka pia adhabu kwa anayerekodi maungamo kwa chombo chochote, kwa hiyo zima simu. Wewe mwenyewe hufungwi na siri ile, ila si adabu kusimulia kijiweni padre alisema nini na alitoa kitubio gani, maana yeye hawezi kujitetea.

Jambo moja la dharura liwekwe hapa, kwa kuwa watu huliulizia likiwa limechelewa. Mgonjwa akiwa katika hatari ya kufa, padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi, hata asiye na mamlaka ya kuungamisha. Usingoje mgonjwa apoteze fahamu ndipo umwite, kwa kuogopa kwamba akimwona padre atadhani anakufa. Mwite akiwa bado anaweza kuongea, ili apate Kitubio, yaani sakramenti hii ya maungamo, Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi kwa pamoja.

Jumapili inayofuata, funga chakula saa moja kabla ya kupokea, kisha uondoke kwenye benchi lako ujiunge na mstari. Wale waliozoea kukuona umebaki wataona; waache waone. Padre atasema "Mwili wa Kristo," utajibu "Amina." Kisha, kabla mwezi haujaisha, rudi tena kwenye kiti cha maungamo hata kama unadhani huna kubwa la kusema, kwa kuwa mara ya pili ndiyo inayojenga mazoea, na wanaoisogeza mbele hadi Kwaresima ijayo mara nyingi huikosa hata hiyo. Utapiga magoti, utafanya ishara ya msalaba, na ukifika pale kwenye "tangu niungame mara ya mwisho," utasema ni wiki nne.